Siku Ile Nilisema Nimeshiba

Mina mwanangu,

Salamu nitakupa kesho uwanja wa ndege. Leo sina haja, maana uko hapo chumba cha pili na Obaa, nawasikia mnavyogombania zipu ya begi. Mimi niko jikoni. Nimemaliza kukaanga andagi, maandazi yenu ya njiani, mafuta yanapoa, na kabla sijayamimina kwenye dumu nimesema nikae kidogo niandike. Unanijua baba yako. Ya mdomoni yananikwama. Ya mkononi yanatoka, ingawa shule niliishia darasa la tano na mwandiko wangu unauona mwenyewe, kama kuku kapita kwenye unga.

Isome kwa sauti. Kiswahili chako kiko masikioni, hakijafika machoni. Hapa umekulia Kiingereza cha shule na Kizulu cha kwenye korido, lakini mimi nikikwambia "njoo ule" hujawahi kuuliza maana yake. Basi soma kwa sauti, sikio litakusaidia.

Mambo ya koti, ya meno, ya kumshika mkono Obaa kwenye ndege, sitaandika. Mama yako anakusubiri kule, hayo ni yake. Mimi nataka kukwambia habari ya chakula.

Unakwenda kukaa nyumbani kwa Bibi, mama yake mama yako, kule Okinawa. Mama yako alitangulia mwaka jana kumuuguza nyonga. Sasa Obaa naye, mdogo wake Bibi, amechoka na Johannesburg, anafunga mgahawa anarudi kwao, na wewe unakwenda naye. Nabaki mimi. Siku moja kwenye lifti uliniuliza kwa nini baba haendi, nikakujibu habari ya karatasi. Ni kweli, karatasi zangu hazijatoka. Lakini hata zingetoka, nyumba ile ni ya Bibi, na mimi kwenye nyumba ile sijaitwa. Kinachonizuia si karatasi peke yake. Kuna bakuli la tambi. Na mimi sitaki uwe na nyumba mbili ambazo hazisalimiani.

Nianzie mbali kidogo.

Nilipofika mji huu nililala Jeppestown, chumba kimoja na vijana wengine wa Tanga, godoro kwa zamu. Kazi nilikuwa natafuta kwa macho, maana mdomo wa kuombea sikuwa nao. Napita, nasimama, natazama watu wanafanya nini. Ndivyo nilivyosimama kwenye mlango wa mgahawa wa Obaa. Bibi mmoja mfupi, kitambaa kichwani, yuko mbele ya karai la mafuta, anaminya unga kwa ngumi, unatoka kati ya kidole gumba na cha shahada, unadondoka kama yai. Harufu ikanivuta, Mina. Harufu ya maandazi ya mama yangu. Nikasimama pale siku kadhaa. Mwisho akanipa mwiko.

Nikajifanya najua. Nikausukuma unga kama nilivyozoea, nikaukata pembe tatu, nikatumbukiza. Obaa alicheka mpaka akashika ukuta. Akanishika ngumi, akanionyesha. Unaminya, unaacha, usiliguse. Andagi linajigeuza lenyewe kwenye mafuta, halafu linapasuka upande mmoja. Likipasuka, wao wanasema limecheka. Likicheka limeiva. Wewe ulijua hilo kabla hujajua kutembea, ulikuwa unaliangalia karai na kucheka kabla yake.

Mafundi wa gereji za pale mtaani wakayaita magwinya, jina la maandazi ya huku. "Eish, mama, magwinya ya leo yako wapi?" Obaa hakuwasahihisha. Wakila, wakirudi, kwake yeye wameshajua jina.

Sasa ile chupa ya uzi mwekundu. Unaijua, iko juu ya meza yetu tangu uzaliwe, lakini hujui ilikotoka.

Kwenye meza za mgahawa kulikuwa na chupa ndogo, ndani pilipili nyembamba zimelazwa, na maji meupe. Nilipoiona nilifurahi. Nikasema, alaa, hawa nao wana pilipili ya siki. Kwetu Tanga hiyo haikosi mezani. Basi nikawa nanyunyiza. Nyunyiza wapi, nilikuwa namwaga. Kwenye wali, kwenye mayai, kwenye samaki. Kila mchana. Nikiosha vyombo naona moyo mweupe, najiimbia. Papa Bosco, fundi cherehani Mkongo wa mlango wa pili, akachungulia.

"Athumani, leo uko unaimba? Wewe ambaye hata bonjour inakuwaka moto mu mdomo?"

Nikamwambia ni chakula cha Obaa, kinanikubali.

Obaa alikuwa hajui dini yangu. Mimi sikuwa nimesema. Siku moja akaingia stoo kuchukua unga, akanikuta nyuma ya magunia kwenye mkeka, niko sijida. Akatoka polepole. Mchana nilipokaa kula, chupa haipo. Nikaona, eh, huyu bibi ameniona namaliza pilipili yake, amenifanyia choyo. Nikala nimenuna.

Kesho yake akaniita rafuni. Hatukuwa na lugha wakati ule, Kiingereza chake vipande na changu vipande, na vipande haviungani. Akateremsha chupa kubwa ya awamori, pombe yao ya mchele, ile wanayoilaza kwenye mitungi miaka mpaka inakuwa na umri mkubwa kuliko watoto wao. Akanielekeza kidole pale. Halafu kidole kwenye chupa ndogo ya pilipili. Halafu kwangu. Nikaelewa. Wale hawalazi pilipili kwenye siki, wanalaza kwenye awamori. Mimi mtoto wa chuo cha Kurani, ndiyo nilikuwa namwagia wali kila siku.

Hakunicheka. Alijipiga kifua taratibu, kama mtu anayesema ni mimi. Kisha akatoa mfukoni mwa aproni chupa mpya, ameitengeneza usiku, pilipili zilezile lakini ndani siki, na shingoni amefunga uzi mwekundu nisije nikachanganya. Na jiko dogo la pembeni akalifanya la kwangu, la andagi na mboga, nyama yake akaihamishia upande wake. Kila pilipili zikiisha anatengeneza nyingine. Uzi ni uleule.

Nimekaa nikifikiri sana kile kidole. Mtu hakuwa na neno hata moja la lugha yangu, na akanieleza jambo zito kiasi kile, akaniacha na heshima yangu mkononi. Mfano huo nilikuwa nao. Siku nilipouhitaji sikuutumia.

Mama yako ulimjua akiwa mama. Mimi nilimjua akiwa anakuja Jumamosi kutoka Sandton, ofisini kwao, viatu vya kisigino, kumsaidia mama yake mdogo, Obaa, kuhudumia. Nilikuwa siwezi kumtazama. Nilikuwa nawatazama watu wote isipokuwa yeye. Siku moja akaniletea chai kwenye kikombe kisicho na mkono, nikainusa, nikacheka peke yangu. Akaniuliza nini. Nikamwambia, haya maua ni asumini. Kwetu wanawake wanayavaa kichwani, ninyi mnayanywa? Akacheka naye. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu marefu ya kwanza kwake.

Baada ya hapo kila Jumamosi ananionyesha kitu. Sukari nyeusi ya mabonge, nikaonja, nikasema hii ni sukari guru. Tango lenye chunusi, chungu, nikasema hilo karela, Wahindi wa barabara ya kumi na mbili kule Tanga wanalipika, mama yangu alitulisha tukiwa na homa. Wenyewe wanaliita goya, wanalikata vipande vyembamba, wanalitia chumvi litoe maji, halafu wanalikaanga na mayai na tofu. Halafu siku moja akaniletea bakuli la mwani. Mwani, Mina! Mama yangu amepinda mgongo akilima mwani pwani, anaukausha juu ya majani ya mnazi, anauza kwa mnunuzi, na hatukuwahi kuuliza unakwenda wapi wala nani anafanya nao nini. Tulisema labda dawa ya meno. Na huyu msichana anautia siki anaula, anafumba macho. Nikala. Nikamkumbuka mama yangu, nikafuta macho, nikajifanya ni pilipili.

Papa Bosco alikuwa anatuona kupitia kioo. "Bwana arusi asiye na mdomo," ndivyo alivyoniita mbele ya wateja wake. "Wewe uko mwanaume ama uko kiti? Sema naye!" Sikusema. Mama yako ndiye aliyesema, na mimi nikaitika. Tukaandikishwa ndoa serikalini. Yeye akabaki na dini ya wazee wake, mimi na yangu, tukakubaliana nyumba yetu haina nguruwe. Ukaja wewe.

Ulipofika miaka minne, Bibi akaja kukuona.

Unakumbuka majani? Alikuja na majani mapana kwenye sanduku, ya mmea wa jamii ya tangawizi, akafungia mikate ya mchele unaonata, akaipika kwa mvuke, nyumba ikanukia kama duka la mafuta mazuri. Akaitungika dirishani kwa kamba, minne, mmoja kwa kila mwaka wako. Wa kwanza ulitaka kuula na jani lake. Ulilala kwenye mapaja yake. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni natazama, naona raha.

Bibi anatoka kwenye watu wanaosema nguruwe huliwa mwili mzima, kinachobaki ni kelele zake tu. Huyo ndiye ambaye mama yako alimpigia simu kabla hajapanda ndege, akamwambia mume wangu hali nguruwe. Bibi akasema sawa. Akaja akijua. Na siku ya kwanza akaamka alfajiri kunipikia mimi, mkwe wake, tambi za kwao. Nyama hakutia. Juu ya bakuli alipanga yai, vitunguu vya majani, na vipande vya mkate wa samaki vyeupe vyenye ukingo wa rangi ya waridi. Alivipanga kama mtu anayepamba bi harusi. Akaja nalo kwa mikono miwili. "Kamee," akasema. Kula. "Kamee, kamee."

Mina, nyama alikuwa ameitoa kweli. Lakini mimi mtazamaji. Tangu asubuhi nilikuwa nimeona kwenye sufuria kubwa mifupa ya nguruwe inachemka. Kwake yeye mifupa si nyama. Mifupa ni maji ya supu, kama sisi tunavyosema tui. Kwake alikuwa amemaliza kazi, heshima yangu ameitimiza.

Mama yako alikuwa Sandton kazini, Obaa yuko mgahawani. Tulikuwa sisi watatu tu. Ningesimama nikaenda kwenye sufuria nikanyoosha kidole kwenye mifupa, halafu kwangu, halafu nikajipiga kifua. Basi. Angeelewa kabla sijamaliza. Badala yake nikashika tumbo, nikatabasamu, nikamwonyesha kwamba nimeshiba.

Tumbo likanguruma. Wewe ukacheka.

Siku ya pili akakaanga goya na mayai. Nyama hakuna. Lakini kikaango alikipaka mafuta meupe ya kwenye kopo lake, na kopo lilikuwa na picha ya nguruwe. Nimeshiba. Jioni mama yako ananiuliza, umekula kwa mama? Nikamwambia nimekula. Nilidhani namsitiri Bibi asiaibike mbele ya mwanawe. Ndivyo nilivyojiambia.

Siku ya tatu njaa ikanizidi. Akapika, nikashiba tena, nikashuka chini kwenye kiduka cha spaza nikanunua mkate, nikakaa kwenye ngazi za nje nikaula mtupu, hata chai hakuna. Nilikuwa nimeinama. Nilipoinua kichwa nikamwona dirishani, nyuma ya kamba ya mikate yako. Alikuwa amekubeba. Wewe ulikuwa unanipungia mkono.

Hakugombana na mtu. Usiku alimwambia mama yako jambo moja, na mama yako akanitafsiria huku analia: "Mtu niliyempikia siku tatu, akaona bora mkate mkavu kwenye ngazi, huyo siwezi kumlisha. Na nisiyeweza kumlisha, sijui nimwite nani."

Akabadilisha tiketi akaondoka mapema.

Ndipo nikamwambia mama yako habari ya mifupa. Akanigeukia, "Kwa nini hukusema?" Akampigia Bibi, akamweleza yote. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akajibu, kama ni mifupa, angesema mwenyewe. Mdomo hana, kidole anacho.

Mara ngapi nimeshika simu hii. Napiga, anapokea, nasema moshi-moshi, halo ya kwao, nampa mama yako. Hata Sikukuu. Hata alipovunjika nyonga, nilitaka kumwambia pole, neno lao nilijifunza kwa Obaa nikalirudia na mafuta yakichemka, na ilipofika simu nikalisahau. Miaka imekwenda hivyo. Yeye hajaniita, mimi sijasema.

Sasa sikiliza la wiki hii, maana ndiyo sababu ya barua.

Juzi tulikuwa tunafunga vyombo vya mgahawa, mimi na Obaa. Wewe ulikuwa shule unaaga wenzako. Nikamkuta ameshika lile sufuria dogo la jiko langu la pembeni, analifunga kwenye magazeti vizuri sana kuliko mengine. Nikamwambia hilo bovu, liache. Akanitazama. Kiingereza chake na changu siku hizi vinaungana. Akasema, nalichukua likakae na mwenzake.

Mwenzake gani?

Akaniambia kwamba Bibi aliporudi kwao mara ile, mama yako alipokwisha kumweleza habari ya mifupa, alikwenda sokoni akanunua sufuria jipya. Hakuliosha na mengine. Akaliweka juu ya kabati la jikoni, limefunikwa kitambaa. Mtu akilitaka anakataa. Jirani alitaka kuliazima siku ya tambiko la makaburini, wanapobeba masanduku ya chakula kwenda kula na wafu wao, akamnyima. Akasema hilo haligusi nguruwe, hilo lina mwenyewe. Na jodari mkavu, yule mgumu kama ubao, anayekwanguliwa kama nazi, ananunua kila mwaka wa kutosha supu nzima isiyo na mfupa. Kila mwaka mwenyewe hafiki, anawapikia wengine, ananunua mwingine.

Nikakaa chini kwenye sakafu, hapohapo kati ya magazeti. Nikamuuliza Obaa, mbona hakusema? Na wewe mbona hukuniambia?

"Alinikataza," Obaa akasema. "Dada yangu naye hana mdomo. Mko sawasawa ninyi wawili. Nimechoka kuwa kidole chenu."

Basi, mwanangu. Mimi sina cha kukufundisha, mtu wa darasa la tano. Nilidhani kunyamaza ndiyo adabu, na wazee wangu walinisifu kwa hilo nikiwa mdogo, mtoto mtulivu, mtoto hana neno. Kumbe mtu anaweza kukupikia mapenzi yake yote na wewe ukamrudishia bakuli limejaa kwa ajili ya adabu. Kule utaletewa vitu vingi. Vingine utavipenda, vingine hutaweza. Juu ya nguruwe, wewe utachagua ukikua, mimi na mama yako tulishaongea. Ila chochote usichoweza, usishike tumbo ukatabasamu. Sema. Ukikosa neno, onyesha. Hawa watu wanaelewa haraka sana, mimi nimeishi nao.

Na ukila kitu kikakuingia, sema vilevile. Obaa alikufundisha, kwachii sabitan, asante kwa chakula. Usiliseme kwa haraka kama unapita kwenye taa za robot barabarani. Liseme umekaa.

Kwenye bati la andagi nimekuwekea chupa ya uzi mwekundu. Nimeijaza upya, pilipili na siki, nimeifunga plastiki mara tatu isivuje. Uzi nimeuacha uleule. Ni ya meza ya Bibi.

Mafuta yamepoa sasa. Naona umeacha kugombana na zipu, umelala au unajifanya. Nina ombi moja, na ni kubwa kwa mtoto wa miaka minane, lakini mdomo wako ni wa mama yako, nauamini.

Ukifika, usiku wa kwanza usiseme kitu, utakuwa umechoka. Kesho yake ingia jikoni kwa Bibi, tazama juu ya kabati. Utaona kitu kimefunikwa. Kinyooshee kidole. Halafu, mama yako akiwepo wa kutafsiri, useme hivi, na useme yametoka kwangu, kwa mdomo wangu, wewe umeyabeba tu:

Baba anasema siku ile alidanganya. Hakuwa ameshiba. Supu yako ilinukia mpaka chini kwenye ngazi.

Baba anasema mpaka leo ana njaa.

Ni mimi baba yako,
Athumani